Nguo za Gerezani na Posho ya Kila Siku

Somo: 2 Wafalme 25:27–30. Tusome pia Waraka kwa Filemoni na Matendo ya Mitume 9:26–28.

Katika toleo hili tumeona vema tuseme juu ya jambo ambalo linanong'onwa bombani na kwenye foleni ya posho, lakini mimbarani hatujalisema wazi. Ni habari ya ndugu zetu waliotoka gerezani.

Ninyi nyote mnafahamu jinsi jambo hili lilivyotufikia. Mwezi wa Machi 2021 Rais Évariste Ndayishimiye alitoa msamaha uliowahusu wafungwa zaidi ya 5,000 wa Burundi, na mwishoni mwa mwaka 2024 akatoa tena mwingine wa idadi kama hiyo. Wakati huo wa 2024 magereza ya nchi yetu yalikuwa na watu zaidi ya 13,000, hali nafasi zilizojengwa hazifiki hata 5,000. Kati ya waliofunguliwa wapo waliorudi kwenye kilima chao. Wapo pia ambao hawakukuta mtu kilimani, kwa sababu mke na watoto walikuwa wamekimbia zamani, wakaifuata familia mpaka huku. Tena tusijidanganye kwamba gereza ni habari ya Burundi tu: wapo vijana wetu waliofungwa huku huku ugenini, wengine kwa makosa ya kweli, wengine kwa kukosa karatasi. Na sisi ambao tunafikiria kurudi, tukivuka Kobero na kushuka Muyinga, au tukifika mpaka Buraza kwenye milima ya Gitega, tutawakuta majirani ambao miaka tuliyokaa kambini wao waliikaa nyuma ya ukuta.

Wengi wetu tunakumbuka alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021, gereza la Gitega lilipowaka moto. Lilikuwa limejengwa kwa ajili ya watu 400 na ndani mlikuwa na zaidi ya 1,500. Serikali ilitangaza vifo 38. Siku ile simu zililia hapa makazini tangu asubuhi, na tulifanya maombi kwa ajili ya wafungwa, hata wale ambao hatukuwajua. Tulilia nao. Basi swali letu ni hili: tuliolia kwa ajili yao walipokuwa wanaungua, mbona tunasogeza watoto wetu pembeni anapoingia mmoja wao kanisani akiwa mzima?

Somo letu la leo halihubiriwi sana, kwa kuwa liko mwisho kabisa wa kitabu cha Wafalme, mahali ambapo msomaji amechoka na habari za miji kuchomwa na watu kuhamishwa. Yehoyakini alikuwa mfalme wa Yuda. Alitawazwa akiwa kijana wa miaka 18, akatawala miezi 3 tu, na Biblia inasema wazi kwamba alifanya mabaya. Nebukadreza akamchukua mateka mpaka Babeli. Huko akakaa miaka 37. Hesabuni wenyewe: aliingia kijana, akatoka mtu wa miaka kama 55. Ndipo mfalme mpya wa Babeli, Evil-merodaki, alipomtoa gerezani, akasema naye kwa wema, akamweka katika kiti cha heshima, akambadilishia nguo za kifungo, akala chakula mbele ya mfalme siku zote, na akapewa posho yake ya kila siku maisha yake yote.

Sisi wakimbizi tunalo jicho la kulisoma somo hili kuliko watu wengi. Angalieni kwanza kwamba Yehoyakini hakurudishwa Yerusalemu. Alifunguliwa gereza, lakini akabaki ugenini. Alikuwa mfungwa na mkimbizi kwa pamoja, na la ukimbizi halikuisha siku lango lilipofunguliwa. Mnyororo ulitoka mguuni, nchi haikuonekana. Hivyo ndivyo ilivyo kwa ndugu anayetoka Mpimba au Muyinga akaja kuitafuta familia yake kambini. Watu humwambia, "Umeshatoka, mshukuru Mungu." Naye anamshukuru, lakini hana kadi, jina lake halimo kwenye orodha ya nyumba, mtoto aliyemwacha mgongoni sasa ana ndevu na anamwita "yule mzee".

Wataalamu waliochimba magofu ya Babeli walikuta vibao vya udongo vyenye hesabu za ghala la mfalme, na kimoja ni cha mwaka 592 kabla ya Kristo. Ndani yake limeandikwa jina la Yehoyakini mfalme wa Yuda pamoja na wanawe watano, na kiasi cha mafuta waliyogawiwa. Mafuta, wapendwa! Kwa hiyo mtu huyu wa Biblia alikuwa kwenye orodha ya mgao kama sisi tulivyo, karani akimwandika kila zamu. Tunapochukua kopo letu la mafuta tusione haya. Tuko katika ukoo wa wafalme kwa jambo hilo.

Sasa tukae kidogo kwenye zile nguo, kwa sababu hapo ndipo kanisa letu linapoanguka. Mfalme hakumwambia Yehoyakini, "Karibu, lakini kaa na nguo zako watu wakujue." Alimbadilishia. Nguo ya gerezani siyo kitambaa tu. Ni lile jina tunalomwita mtu asipokuwepo: "yule wa Mpimba", "yule aliyefungwa". Mtu anaweza kupewa shati jipya na suruali kutoka kwenye mitumba, na sisi tukaendelea kumvalisha nguo ya zamani kwa midomo yetu. Tumesikia mtoto akiitwa kwa kifungo cha baba yake shuleni. Mtoto yule hakujifunza jina hilo porini, wenzake walilisikia jikoni kwa wazazi wao, ambao Jumapili wako kwenye kwaya. Wazee wa kanisa wamekubaliana kwamba maneno hayo yakisikika, hata kwa mzaha, aliyesema ataitwa na kuonywa kama anavyoonywa mlevi.

Jambo lingine katika somo hili: Yehoyakini hasemi neno hata moja. Mfalme ndiye anayesema, tena maneno ya wema. Tunalitaja hili kwa sababu siku hizi tunapenda ushuhuda mno. Mtu hajamaliza wiki mbili tangu atoke, tayari tumemsimamisha mbele, tumempa kipaza sauti, tunataka asimulie aliua nani, aliiba nini, alilala wangapi katika chumba kimoja. Watu wanapiga vigelegele, na ibada inakuwa tamu. Jioni anarudi kulala pahali pa kuazima, na habari zake zote sasa ziko mtaani. Je, tumemjenga au tumejiburudisha? Ushuhuda ni mwema, na wakati wake ukifika Roho atampa mtu kusema. Lakini mtu aliyetoka gerezani ana haki ya kukaa kwenye benchi na kusikiliza neno kama wengine, asiulizwe kitu. Pengine akae hivyo mwaka mzima.

Wengine watasema, "Kwanza atubu ndipo tumsaidie." Tumelifikiria neno hilo kwa sababu lina uzito. Toba ni ya lazima mbele za Mungu, na ushirika wa meza ya Bwana una taratibu zake. Lakini unga hauna taratibu hizo. Yule mfalme mpagani hakumuuliza Yehoyakini kama amejuta. Alimlisha. Ikiwa mpagani wa Babeli alimlisha mtu aliyefanya mabaya, kanisa la Kristo litaanzaje kwa kumpima? Njaa ya wiki ya kwanza ndiyo inayomrudisha mtu kwa rafiki zake wa zamani, wale ambao daima wana kazi ya usiku ya kumpa.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli, na waliotoka gerezani wenyewe ndio wanaolitaka jembe kuliko wote. Mtu aliyekaa miaka akilishwa mihogo na maharage ya serikali anatamani kula jasho lake. Lakini tukumbuke jembe linataka udongo. Kule Buraza mashamba ni vipande juu ya vilima, na mtu akifungwa miaka 10 ndugu wamekwisha kugawana sehemu yake, wamepanda kahawa au migomba juu yake, wamejenga. Akitoka, anakuwa adui wa ndugu zake bila kufungua mdomo. Hapo ndipo Bashingantahe na wachungaji wanahitajika pamoja, kabla panga halijainuliwa. Familia yenye mtu gerezani, tunawasihi: msiuze sehemu yake. Mpeni jirani mwaminifu ailime kwa makubaliano mbele ya mashahidi, na karatasi iandikwe.

Huku kwetu ambako shamba ni la kuazima au halipo kabisa, jembe la mtu linaweza kuwa cherehani, baiskeli ya kubeba kuni, au mtaji mdogo wa nyanya na dagaa. Lakini kile anachokikosa kwanza ni mtu wa kumdhamini. Hapo tunakuja kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemwacha bwana wake, na huenda aliondoka na mali. Paulo, naye akiwa kifungoni, anamrudisha na barua, na ndani ya barua anasema kama kuna deni lolote, liandikwe juu yake, yeye atalipa, na anaweka sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Ninyi mlio katika vikundi vya kuweka na kukopa mnajua maana ya kuweka sahihi kwa ajili ya mtu. Ni rahisi kumwombea ndugu kwa sauti kubwa usiku kucha kuliko kuandika jina lako chini ya deni lake. Hata Paulo mwenyewe aliwahi kudhaminiwa hivyo. Alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi walimwogopa, na walikuwa na sababu, maana ni yeye aliyewaingiza wenzao gerezani. Barnaba ndiye aliyemshika mkono akamwingiza kwa mitume. Bila Barnaba mmoja, nyaraka zile tusingekuwa nazo.

Lakini tusiruke upande wa pili. Katika benchi hilo hilo anakaa mama ambaye mume wake aliuawa, na aliyemwua, au ndugu wa aliyemwua, anaingia kwa mlango huo huo. Tukihubiri msamaha kwa haraka tunamtwisha mama huyo mzigo wa pili, wa kufurahi asipoweza kufurahi. Sisi hatutamwambia asamehe kabla ya Krismasi. Zakayo alipookolewa hakusema tu kwamba ameokoka. Alisimama akasema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Wokovu ulioingia nyumbani mwake uliwatokea maskini kwa njia ya mfuko wake. Aliyetoka gerezani amelipa deni la serikali. Deni kwa mjane ni jingine, na kanisa linapaswa kumsaidia kulilipa polepole, kwa kumlimia, kwa kumwezekea nyumba, kwa kukiri ukweli wa mahali mwili ulipotupwa kama anaujua.

Jirani zetu wa Rwanda walilipitia jambo hili kwa ukubwa unaotisha. Tangu 2003 serikali yao ilianza kuwaachilia kwa maelfu watu waliokiri makosa ya mwaka 1994. Katika parokia ya Mushaka, jimbo Katoliki la Cyangugu, alikuwako padre Ubald Rugirangoga, ambaye mama yake na jamaa zake wengi waliuawa mwaka ule. Yeye hakuwapeleka waliotoka gerezani moja kwa moja kwenye meza ya Bwana. Waliokubali walifundishwa miezi 6, wakaenda kuomba msamaha kwa wale waliowakosea, ndipo wakapokelewa hadharani mbele ya hao hao. Walionusurika nao walitunzwa na kufundishwa. Tena padre huyo alimsamehe kiongozi aliyehusika na kifo cha mama yake, akawalipia watoto wake ada ya shule. Alifariki Marekani mwezi wa Januari 2021. Sisi siyo Wakatoliki wote humu, lakini hatuoni haya kujifunza kwake. Miezi 6! Sisi tunataka mambo yaishe kwa mkesha mmoja.

Na kwetu Gitega hatukukosa mfano. Tangu 2003 Kanisa la Marafiki, wale ambao watu huwaita Quakers, wamekuwa na semina za kuponya majeraha ya moyo huko Burundi na Rwanda. Kwetu zilifanyika sana huko Mutaho. Watu kama 20 hukaa pamoja siku 3, nusu wa upande huu na nusu wa upande ule; kule Rwanda ilikuwa waliotoka gerezani pamoja na walionusurika. Wanachora mti wa kutoaminiana, mizizi yake na matunda yake, halafu mti wa kuaminiana. Kuna zoezi ambalo mtu hufungwa kitambaa machoni akaongozwa kwa mkono na mwenzake. Fikirini mkono huo ni wa nani. Siku 3 hazimalizi kitu, lakini baada yake watu wanaweza kusalimiana njiani, na kwa mtu aliyekuwa akizunguka kilima kizima asikutane na jirani yake, salamu ni jambo kubwa.

Tuseme pia neno la tahadhari, hata kama litamkera mtu. Kupokea siyo kufumba macho. Aliyefungwa kwa kumharibu mtoto atapewa chakula, atapewa benchi, atatembelewa, lakini hatapewa darasa la Jumapili wala hatalala katika nyumba yenye watoto wasio wake. Hilo halimdhulumu. Linamlinda hata yeye, maana siku kitu kikipotea au mtoto akichelewa kurudi, kidole cha kwanza kitamwelekea. Na kwa habari ya wizi: kikundi kitakachomkopesha kianze na kidogo, kiongeze. Uaminifu unakua kama mhogo, chini kwa chini.

Evil-merodaki, yule mfalme mwema, alitawala kama miaka 2 tu kisha akauawa. Fadhili inayotegemea moyo wa mtu mmoja ina hatari hiyo. Hapa makazini tumeliona mara nyingi: mzee mmoja mwenye moyo anamtembelea ndugu kila Jumanne, halafu jina la mzee linatoka, anapanda ndege na familia yake kwenda Kanada au Marekani, au anapanda lori la kurudi nyumbani, na yule ndugu anabaki kana kwamba amefungwa upya. Kwa hiyo tumeamua ndugu anayetoka gerezani asikabidhiwe kwa mtu mmoja. Atakuwa na nyumba 3, mojawapo iwe ya mjane au mama mzee, kwa sababu kina mama huona mapema mtu anapoanza kukata tamaa. Nyumba moja ikiondoka, shemasi wa mtaa ataijaza nyingine kabla ya Jumapili mbili kupita.

Kazi ya nyumba hizo siyo kubwa. Mwezi wa kwanza ni chakula, kila siku sehemu ndogo, badala ya gunia moja na kwaheri. Mwezi wa pili ni karatasi: kumsindikiza ofisini kwa habari ya usajili, maana mtu aliyekaa gerezani huogopa sana meza yenye ofisa nyuma yake, anaweza kurudi nyumbani bila kusema shida yake. Hati yake ya kuachiliwa itolewe nakala na itunzwe pia kwa katibu wa kanisa. Tumeona hati moja ikiliwa na panya, na mwenye nayo akakosa la kuonyesha. Kutembelea kuendelee hata kama hana la kusema. Wengine hawalali usiku, wengine hawawezi kukaa katika chumba kilichofungwa mlango. Msishangae, acheni mlango wazi.

Wenye mtu gerezani hata sasa, Gitega, Muyinga, Ngozi au penginepo, leteni jina lake kwa shemasi wenu, pamoja na mwezi anaotarajiwa kutoka kama mnaujua. Mkiona aibu, leteni jioni. Hatutalisoma jina hilo mbele ya watu. Tunataka tu nguo na zile nyumba 3 ziwe tayari kabla lango halijafunguliwa, asije akakaa siku ya kwanza kituo cha basi akiwa hajui aelekee wapi.

Kikapu cha unga, maharage na chumvi kitakuwa mlangoni pa kanisa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kopo moja kwa nyumba linatosha, na nyumba ambazo mgao wao umepunguzwa zisilete kitu. Kina baba wenye suruali au koti wasilolivaa, lifueni kwanza. Mama wa idara ya huruma atazipokea siku ya Jumatano baada ya maombi ya mchana.

Wazee na mashemasi wenu katika Kristo.